"Mwalimu, Tumepunjwa!": Dhana Potofu Kuhusu Takwimu na Ukweli Uliomo Kwenye Pakiti ya Pipi

Nikifika mada ya takwimu huingia darasani na pakiti saba za pipi za rangi, kila kundi pakiti moja. Sharti ni kwamba hakuna kula kabla ya kuhesabu. Kabla ya kupasua pakiti, kila kundi linaandika kwenye karatasi idadi wanayodhani wataikuta. Kisha pipi zinapangwa juu ya dawati rangi kwa rangi, na vistari vinachorwa daftarini: vinne wima, cha tano kinavikata. Dakika kumi haziishi kabla sijasikia, "Mwalimu, tumepunjwa!"

Naipenda sana kauli hiyo. Mtoto aliyeitoa ameona kwamba vitu alivyodhani ni sawa havilingani, na anataka kujua kama tofauti hiyo ni ya kawaida au kuna jambo limefanyika. Swali hilo ndilo takwimu yenyewe. Kinachotukwamisha, watoto na watu wazima, ni mawazo tunayokuja nayo.

Dhana: Pakiti za aina moja lazima zilingane.

Geuza pakiti usome nyuma: kilichoandikwa ni gramu. Kiwanda kinauza uzito, na idadi hufuata ukubwa wa kila pipi. Mara ya mwisho makundi yangu saba yalipata 18, 19, 20, 20, 20, 21 na 22. Waliolalamika ni wale wa 18.

Na ukitaka rangi nazo zilingane, utasubiri sana. Mwaka 2019 mtu mmoja huko Marekani alifungua pakiti za pipi za rangi ziitwazo Skittles moja baada ya nyingine, akiandika idadi ya kila rangi, ili aone itamchukua pakiti ngapi kupata mbili zinazofanana kabisa. Alikuwa ameshakokotoa kwamba huenda akahitaji kati ya 400 na 500. Alizipata baada ya kufungua pakiti 468, zenye jumla ya pipi 27,740. Hesabu ilitabiri, na mikono ikathibitisha. Nikiwasimulia watoto habari hii, darasa zima hutulia.

Dhana: Rangi zikiwa sita, kila rangi ni sehemu moja ya sita.

Kuwapo kwa rangi sita hakusemi lolote kuhusu mgao wake. Kampuni ya Mars, inayotengeneza pipi za chokoleti za M&M's, ilikuwa ikitangaza migao hiyo: miaka ya 1990 pipi za kahawia zilikuwa asilimia 30, za bluu 10 tu. Baadaye bluu ikapanda hadi asilimia 24 na kahawia ikashuka hadi 13. Mwanafunzi aliyepewa pakiti moja hawezi kuujua mgao wa kiwanda. Darasa zima likikusanya hesabu zake ubaoni, picha huanza kutulia, na watoto huiona ikitulia mbele ya macho yao kila kundi linapoongeza namba zake.

Dhana: Wastani ni kujumlisha na kugawanya.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watoto wengi wanapoteza maana na kubaki na kanuni. Mtoto atakupa jibu sahihi la wastani, lakini ukimuuliza namba hiyo inasema nini, anakutazama tu.

Mimi huanza bila kalamu. Nawaambia walete pipi zote meza ya mbele, tuzichanganye, kisha tuzigawe upya ili kila kundi lipate sawa na jingine. Zile 140 zikigawiwa makundi saba, kila kundi linaondoka na 20. Huo ndio wastani: fungu ambalo kila mmoja angepata kama mgawo ungekuwa sawa. Kujumlisha ni kule kuleta mezani, na kugawanya ni kule kurudisha. Mtoto aliyefanya hivyo kwa mikono yake hasahau.

Wala si lazima kiwepo kitu chenye namba hiyo. Sensa ya mwaka 2022 Tanzania ilipata wastani wa watu 4.3 kwa kaya. Hakuna nyumba yenye watu wanne na kipande cha mtu, na namba hiyo bado ni sahihi na ina kazi.

Kisha nawauliza: kundi la 22 lingekuja na mfuko mkubwa wa pipi 50, ingekuwaje? Jumla inakuwa 168, wastani 24. Makundi sita kati ya saba yapo chini ya wastani! Hapo nawasimamisha viongozi saba wa makundi mbele ya darasa, wajipange kuanzia mwenye chache hadi mwenye nyingi. Yule wa nne, mwenye watatu kila upande, ndiye mwenye namba ya kati. Anashika pipi 20, na angezishika 20 hata jirani yake wa mwisho angeleta gunia. Ndiyo maana ukisikia wastani wa mapato ya watu wa mahali fulani, ni vizuri ukaulizia na namba ya kati.

Dhana: Ukichota bila kuangalia, umechota kwa haki.

Hii ndiyo dhana iliyojificha kuliko zote, na watu wazima huanguka nayo sawa na watoto. Weka pipi 100 kwenye mfuko mweusi: 80 ndogo za gramu 4 na 20 za kijiti za gramu 12. Uzito wa zote ni gramu 560, lakini usiwaambie. Kila kundi litumbukize mkono, litoe pipi tano, lizipime, kisha lizidishe kwa 20 kukadiria uzito wa mfuko mzima.

Karibu kila kundi litakadiria juu mno. Atakayetoa ya kijiti moja na ndogo nne atapata 560 barabara. Lakini vidole hukutana na vijiti kwanza, na pipi kubwa hujaa kiganjani. Ukitoa mbili za vijiti na tatu ndogo, makadirio yanaruka hadi gramu 720. Macho yalifumbwa, mkono ukachagua. Na kurudia zoezi mara nyingi hakuondoi kosa hili, kwa kuwa kila mkono unavutwa upande uleule.

Dawa yake ni kuzipanga pipi mezani, kuzipa namba 1 hadi 100, na kuokota vikaratasi vyenye namba. Watoto wakishaiona tofauti, nawaambia wafikirie kipindi cha redio kinachopokea maoni kwa simu: wanaopiga ni wenye muda, wenye salio na wenye hasira. Hao ndio pipi za vijiti.

Dhana: Nyekundu zikitoka mara tatu, sasa ni zamu ya kijani.

Inategemea, na watu wengi hawategemei jibu hilo. Mfuko una nyekundu tano na kijani tano. Ukitoa nyekundu tatu ukazila, zimebaki nyekundu mbili na kijani tano, hivyo nafasi ya kijani imepanda hadi tano kati ya saba. Ukizirudisha kila mara, nafasi inabaki nusu, hata nyekundu zitoke mara kumi mfululizo. Sarafu ni kama mfuko unaorudishiwa pipi zake.

Dhana: Bila pipi hakuna somo.

Vizibo vya soda vinatosha. Maharage ya rangi mbili yanatosha, na kete za bao pia. Pipi zina faida moja tu kubwa: mtoto anajali zimebaki ngapi, kwa hiyo anahesabu kwa makini.

Tukarudi kwa wale wa 18. Niliwaambia pakiti moja yenye upungufu haithibitishi wizi, na pakiti nyingi zote zikiwa chini ya gramu zilizoandikwa, hapo tuna la kuuliza. Binti mmoja kati yao akasema, "Basi tupime, Mwalimu." Tuliazima mizani ya kidijitali ya mwenye duka jirani, tukamwaga pipi zao juu yake, kisha tukamwaga za kundi la dirishani lililopata 20. Zile 18 zilikuwa nzito zaidi kwa gramu moja. Yule binti alichukua pipi yake moja na moja ya wenzake, akazibana pamoja kati ya kidole gumba na cha shahada, akaziinua kwenye mwanga. Ya kwake ilikuwa nene. Akaenda kuandika kwenye jedwali la ubaoni safu mpya: gramu.