Uhamie wapi ukimaliza NP? Tunayodanganyana na yaliyo kweli

Kwenye sherehe za mahafali za Wakenya huku Marekani, nyama haijapoa mhitimu ameshapangiwa jimbo. Mjomba wa Dallas anasema Texas, nyumba ni nafuu. Rafiki ya mama anasema Seattle. Nilipohitimu kama NP, yaani muuguzi anayepima wagonjwa, kutambua ugonjwa na kuandika dawa, nilipewa mashauri hayo yote na watu waliohama wakiwa RN, yaani wauguzi wa kawaida waliosajiliwa. Mambo ya RN na ya NP hayafanani.

"Leseni yangu ni ya majimbo mengi, nafanya kazi popote."

Hiyo ni leseni ya RN. Mkataba wa majimbo uitwao NLC unawahusu RN na LPN, wauguzi wa ngazi ya chini yao, tu. Leseni ya NP unaiomba upya kwa kila jimbo unakotaka kutibu watu. Usajili wa DEA, idara ya serikali kuu inayosimamia dawa zinazodhibitiwa, unaokuruhusu kuziandika, nao umefungamanishwa na jimbo, na ada yake ni dola 888 kwa miaka 3. Unachohama nacho bila shida ni cheti cha taifa, kiwe cha ANCC au cha AANPCB, bodi zinazotahini ma-NP. Halafu kuna kampuni za bima, ambazo huweza kuchukua miezi mitatu au zaidi kukuingiza kwenye orodha zao za watabibu wanaowalipa. Weka akiba ya kodi ya nyumba kabla ya kufunga mizigo.

"Nenda jimbo huru, ufungue kliniki yako mwenyewe."

Ni kweli majimbo zaidi ya 25, pamoja na Washington DC, yanamruhusu NP kutibu bila mkataba na daktari. Kisichotajwa kwenye sherehe ni kwamba mengi kati ya hayo yana sharti kwa anayeanza. Minnesota inadai saa 2,080 za kufanya kazi chini ya makubaliano, sawa na mwaka mzima. New York saa 3,600. Maine, nilikoanzia, miezi 24. Arizona na Oregon hawana kipindi hicho.

Nililalamikia hiyo miezi 24 hadi Ijumaa moja, saa kumi na dakika arobaini alasiri, maabara iliponitumia potasiamu ya 6.1, kiwango cha hatari kwa moyo, ya mzee anayemeza lisinopril na spironolactone, dawa zinazoweza kuipandisha. Kichwani nilishaita ambulensi. Daktari wa mlango wa pili aliniuliza swali moja tu: "Hiyo damu ilitolewa saa ngapi?" Ilikuwa ya asubuhi, imekaa kwenye trei mchana kutwa, na damu ikikaa hivyo potasiamu hupanda kwa uongo. Mzee akarudi, tukampima moyo kwa ECG, tukatoa damu upya. 4.8. Swali hilo nilikuwa nimelisoma darasani, nikafaulu mtihani wake, na siku ya siku halikunijia. Siku hizi mtu akiniuliza jimbo gani zuri, namuuliza kwanza: kwenye kliniki inayokuita, ukikwama Ijumaa jioni unagonga mlango wa nani?

"Texas ni jela ya NP."

Inategemea umesomea nini. Sheria ya huko inataka makubaliano ya kuandika dawa kati yako na daktari, na vikao kila mwezi. Ukiajiriwa hospitali, karatasi hizo huandaliwa na mwajiri na pengine hutazihisi. Lakini ukiwa NP wa afya ya akili unayetaka kutibu ADHD, tatizo la kushindwa kutulia na kumakinika, umegonga ukuta. Dawa za kundi la II, zile zinazodhibitiwa vikali, Adderall ya ADHD ikiwemo, NP wa Texas huziandika hospitalini au kwa wagonjwa wa hospisi walio mwishoni mwa maisha, si kwenye kliniki ya kawaida ya mtaani.

California nayo husifiwa kwa mshahara, na kweli kwa wastani inalipa ma-NP kuliko jimbo lolote. Ila toa kodi ya nyumba na kodi ya mapato ya jimbo, ambayo Texas, Florida na Washington hawakati kwenye mshahara, ndipo ulinganishe.

"Nenda mashambani, serikali italipa mkopo wa shule."

Hili ndilo linaloumiza watu wetu zaidi. Mpango wa serikali kuu wa kulipia watabibu mikopo, NHSC, upo, na unadai miaka 2 ya kazi mahali penye uhaba wa watabibu. Lakini unaomba na unaweza kunyimwa, lazima kituo chenyewe kiwe kimeidhinishwa, na vituo vya aina hiyo vipo hata katikati ya miji mikubwa. Zaidi ya yote, lazima uwe raia. Grinikadi haitoshi. Usiende kukaa kwenye theluji maili 80 kutoka duka la unga kwa ahadi usiyoruhusiwa hata kuiomba.

Njia nyingine ni PSLF, mpango wa kufutiwa mkopo kwa wanaotumikia umma. Malipo 120 ya kila mwezi ukiwa mwajiriwa wa serikali au shirika lisilo la faida, na salio la mkopo wa serikali kuu linafutwa. Haijali kama uko kijijini au mjini.

"Kiswahili hakina kazi huku."

Portland ya Maine na Louisville ya Kentucky zina Wakongo wengi waliokuja kama wakimbizi, na kliniki zinazowahudumia humsaka mtabibu anayewaelewa. Mwajiri anaweza kukupa mtihani wa lugha kabla ya kukuruhusu kutibu bila mkalimani. Usidharau mtihani huo, maana Kiswahili cha Nakuru si cha Bukavu. Mama mmoja aliingia chumbani, akaketi, akaniita "munganga". Nikashtuka, kwetu mganga ni wa hirizi na tunguri. Kwao ndiyo daktari. Nilimweleza kwamba mimi ni NP, si daktari. Akatikisa kichwa, akasema, "Sawa, munganga," akanyoosha mkono nimpime presha.