Kushindwa kukataa si kuthibitisha

Wengi wakipima nadharia tete (dai linalopimwa kwa data) kuhusu uwiano wa watu, tuseme kwamba asilimia 50 wangejibu ndiyo, na kupata thamani ya p (uwezekano wa kupata matokeo yaliyo mbali na dai kiasi hicho au zaidi, iwapo dai ni kweli) iliyozidi 0.05, mpaka wa kawaida wa kukataa, huandika: "Imethibitika kuwa uwiano ni asilimia 50." Hapana. Kilichotokea ni kwamba ushahidi haukutosha kuikataa nadharia hiyo, basi.

Chukua sampuli nasibu ya watu 100, ambao 56 wamejibu ndiyo. Tukipima dhidi ya asilimia 50, kosa sanifu (kiasi ambacho uwiano wa sampuli huyumba kwa bahati tu) ni 0.05, hivyo z (umbali kutoka kwenye dai, ukihesabiwa kwa makosa sanifu) ni 0.06 ÷ 0.05 = 1.2, na thamani ya p ya pande mbili (juu na chini ya dai) ni takriban 0.23. Hatukatai. Sasa rudia kwa majibu yaleyale, ila safari hii pima dhidi ya asilimia 60: z ni karibu -0.82, p ni takriban 0.41. Hapa pia hatukatai! Kama kutokataa kungekuwa kuthibitisha, basi uwiano mmoja ungekuwa asilimia 50 na asilimia 60 kwa wakati mmoja, jambo lisilowezekana kabisa.

Sampuli ndogo huacha nafasi kwa majibu mengi. Wangekuwa watu 1,000 na 560 wakasema ndiyo, asilimia ni ileile 56, lakini z dhidi ya asilimia 50 ingepanda hadi karibu 3.79, na tungeikataa bila kusita.

Kwa hiyo andika "hatukupata ushahidi wa kutosha", kisha utoe kadirio la masafa (viwango vya uwiano vinavyoendana na data): kwa watu wale 100, takriban asilimia 46 hadi 66 kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95.