Bastola ya nusu otomatiki, kutoka M1911 hadi M17

Bastola ya nusu otomatiki hupiga risasi moja kila unapovuta kifyatulio, kisha yenyewe hutema ganda tupu na kupandisha risasi nyingine kutoka kwenye magazini, yaani kikasha cha risasi. Nguvu ya kufanya hivyo inatokana na mlipuko wa risasi iliyopigwa: teke lake linasukuma nyuma sehemu ya juu ya bastola, na springi inairudisha ikiwa imebeba risasi mpya. Ukikishikilia tu kifyatulio, haipigi tena mpaka ukiachie na kukivuta upya. Silaha ya otomatiki kamili ingeendelea kumimina risasi.

Jeshi la Marekani lilifikia bastola ya aina hii kwa sababu ya vita vya Ufilipino. Mwanzoni mwa karne ya 20 askari wake walibeba rivolva, bastola za silinda inayozunguka, za .38, na wapiganaji wa Moro, Waislamu wa kusini mwa Ufilipino, waliweza kupigwa wakaendelea kuwajia. Baada ya majaribio ya mwaka 1904, jeshi likataka risasi nene ya inchi .45, yaani kama milimita 11.4. John Browning ndiye aliyebuni bastola iliyoshinda. Katika jaribio moja ilipigishwa risasi 6,000, na ilipopata moto mno ikachovywa majini ipoe. Ilipitishwa tarehe 29 Machi 1911, ikaitwa M1911. Katika Vita vya Pili vya Dunia hata Remington Rand, kampuni ya taipureta, ilizitengeneza kwa wingi.

Mwaka 1985 ikaja M9, iliyobuniwa na Beretta ya Italia. Risasi yake ni ya milimita 9, ileile ya washirika wa NATO, na magazini inabeba 15 badala ya 7. Wapo askari walioililia .45 kwa miaka mingi. Nawaelewa, lakini naona uamuzi ule ulikuwa sahihi: majeshi yanayopigana bega kwa bega yanahitaji kugawana risasi, na askari aliyebaki na bastola tu anahitaji risasi za kutosha. Kasoro ya kweli ya M9 ilikuwa mpini wake mnene, uliowasumbua wenye viganja vidogo, wakiwemo askari wengi wa kike.

M17 ya SIG Sauer, iliyochaguliwa mwaka 2017, ilirekebisha hilo. Mpini wake ni wa plastiki ngumu na una saizi tofauti, maana mtambo wa kifyatulio unachomoka mzima na kuhamishiwa kwenye mpini mwingine. Magazini yake ya kawaida hubeba risasi 17. Ndani yake, hata hivyo, mtutu bado hufungamana na sehemu ya juu risasi inapopigwa, ukarudi nayo kidogo kisha ukainama na kuiachia, utaratibu wa Browning ambao M9 ilikuwa imeuacha.