Je, wajua kwa nini kazi ya kikundi huishia mikononi mwa mtu mmoja?

Mwalimu anagawa darasa katika vikundi vya watu sita, anatoa swali moja na kudai jibu moja kwa kila kikundi. Siku ya kukusanya ikifika, mwanafunzi mmoja ameandika karibu kazi yote, wawili wamemsaidia hapa na pale, na watatu waliobaki mchango wao ni majina yaliyo juu ya karatasi. Alama wanapata sawasawa. Kwa kawaida tunasema hao watatu ni wavivu. Lakini mpe kila mmoja wao kazi yake peke yake, na mara nyingi ataifanya vizuri tu. Kuna kitu ndani ya kikundi chenyewe kinachomlegeza mtu.

Kitu hicho kilipimwa kwa kamba kabla ya kupimwa darasani. Max Ringelmann, Mfaransa aliyekuwa mhandisi wa kilimo, alikuwa akichunguza nguvu ya kazi ya watu, wanyama na mashine. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1913, watu wawili wakivuta pamoja walitoa takriban asilimia 93 ya nguvu ambayo wangeitoa kila mmoja kivyake. Kadiri walivyoongezeka, ndivyo mchango wa kila mmoja ulivyopungua, hadi walipofika wanane kila mtu akawa anatoa karibu nusu tu ya uwezo wake.

Unaweza kusema: basi hawakuvuta kwa pamoja, huyu akianza yule bado hajajipanga. Hoja hiyo ina ukweli, ila haimalizi habari. Mwaka 1974 watafiti walimfunga mtu kitambaa machoni, wakamweka mbele ya kamba na kumwaminisha kwamba nyuma yake kuna wenzake wanaovuta pia. Hakukuwa na mwingine aliyekuwa akivuta. Hata hivyo alipunguza nguvu. Miaka mitano baadaye Bibb Latané na wenzake, nchini Marekani, waliwaomba watu wapige kelele kwa nguvu zao zote, macho na masikio yakiwa yamezibwa. Waliodhani wako sita walitoa kelele ya asilimia 74 hivi ya ile waliyoitoa walipojua wako peke yao. Kisha watafiti wakabadilisha jambo moja dogo: wakawaambia washiriki kwamba hata wakiwa kundini, sauti ya kila mmoja itapimwa kivyake. Kutegea kukaisha.

Nadhani jibu liko hapo. Mtu hutegea pale juhudi yake isipoonekana, na uvivu wake usipoonekana vilevile. Kazi ya kikundi yenye karatasi moja na alama moja imejengwa hivyohivyo.

Mtu aliyeijenga upya kwa ustadi mkubwa ni mwanasaikolojia Elliot Aronson, naye hakuanza kwa kutafuta alama nzuri. Mwaka 1971 shule za mji wa Austin, Texas, zilikuwa zimeanza kuwachanganya watoto weupe, weusi na wenye asili ya Kilatino, na ugomvi ulikuwa mkubwa. Aronson na wanafunzi wake walikaa madarasani wakatazama. Waliona mwalimu akiuliza swali, mikono kadhaa ikinyooshwa kwa pupa, mmoja akichaguliwa na wengine wakinuna. Kila jibu sahihi la mwenzako lilikuwa nafasi uliyoipoteza wewe. Watoto waliokuja wakidharauliana wangejifunzaje kupendana katika mashindano ya namna hiyo?

Badala ya kuwahubiria, aliwavunjia somo vipande. Chukua maisha ya mtu maarufu: mwanakikundi mmoja anapewa utoto wake, mwingine masomo yake, mwingine kazi zake, na kadhalika. Hakuna mwenye habari yote. Kwanza wale wenye kipande kilekile kutoka vikundi mbalimbali hukutana, wakakisoma na kukipanga vizuri pamoja. Kisha kila mmoja hurudi kikundini mwake na kuwafundisha wenzake. Mwishoni mtihani ni wa mtu mmoja mmoja, na unahusu vipande vyote.

Tazama kinachotokea hapo. Mtoto anayesitasita kwa sababu lugha ya shule si lugha ya kwao huchekwa siku ya kwanza. Lakini wanaomcheka wanagundua haraka kwamba kipande chake kiko kichwani mwake tu, na mtihani hauna huruma. Wanaanza kumuuliza maswali mepesi, wanamsubiri, wanamtia moyo. Mwanzoni hawafanyi hivyo kwa wema; wanatafuta alama zao. Ila tabia ya kumsikiliza mtu, ikirudiwa kila siku, hukaa. Baada ya wiki chache, watoto wa madarasa hayo walipendana zaidi kuliko wa madarasa ya kawaida, na watoto weusi na Walatino walifanya vizuri zaidi katika mitihani, bila wale weupe kushuka.

Faida ya kufundishana haitoki kwenye adabu peke yake. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, aligundua kwamba wanafunzi wake waliweza kukokotoa maswali magumu huku wakikosea jambo la msingi, kwa mfano iwapo lori zito likigongana na gari dogo ni lipi linalosukumwa kwa nguvu kubwa zaidi (nguvu ni sawa, ingawa madhara hayalingani). Kuanzia mwaka 1991 akaanza kukatiza mhadhara kwa maswali. Kila mwanafunzi achague jibu lake kwanza, kisha ajaribu kumshawishi jirani yake, halafu achague tena. Aliyeelewa jambo jana anakumbuka bado alipojikwaa, kumbukumbu ambayo profesa aliipoteza zamani. Naye anayeeleza hugundua mashimo katika maelezo yake mwenyewe pale tu anapofungua kinywa. Utafiti uliofanyika Colorado na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba mjadala husaidia hata pale ambapo hakuna hata mmoja kikundini aliyejua jibu sahihi mwanzoni.

Zingatia ule utaratibu wa kuchagua peke yako kwanza. Ukiuondoa, mjadala hugeuka kuwa kumsikiliza yule mwenye sauti kubwa.

Kikundi hutumika pia kurekebisha tabia moja kwa moja. Mwaka 1969, huko Kansas, watafiti watatu waligawa darasa lenye vurugu katika timu mbili. Kila mtoto aliyevunja kanuni aliiletea timu yake alama ubaoni, na timu yenye alama chache ilipata muda wa ziada wa mapumziko na upendeleo mwingine mdogo. Timu zote mbili ziliweza kushinda kwa pamoja, zikiwa zote na alama chache, jambo ninaloliona muhimu kuliko zawadi yenyewe. Vurugu zilipungua sana. Lakini watoto wawili walitangaza kwamba hawachezi tena, wakaanza kuivunjia timu yao makusudi. Mwalimu aliwatoa timuni, makosa yao yasiwaumize wengine. Ingekuwa vinginevyo, wenzao wangekuwa na kila sababu ya kuwachukia, na kikundi kingefundisha kinyume cha kilichokusudiwa.

Zawadi nazo zina mpaka wake. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani waliwaahidi watoto wadogo waliopenda kuchora kwamba wakichora watapewa cheti. Siku kadhaa baadaye, cheti kikiwa hakitajwi tena, watoto hao walichora kwa muda wa nusu hivi ya ule wa wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Kwa hiyo zawadi ya kikundi inafaa kwa jambo ambalo darasa halilifanyi kabisa, kama kusubiri zamu ya kusema, na inafaa iondolewe polepole mara tabia ikishika. Kwa watoto ambao tayari wanasoma kwa kupenda, ni afadhali mwalimu asiilete.