Je, wajua kwa nini Kanisa linawapa akina baba mfano wa mtu ambaye hakumzaa mtoto aliyemlea?

Kila tarehe 19 Machi, Wakatoliki wa Mtwara na Lindi, kuanzia parokia za pwani hadi Ndanda penye abasia (makao ya watawa) ya Wabenedikto iliyoanzishwa mwaka 1906, huadhimisha Sherehe ya Mtakatifu Yosefu, Mume wa Bikira Maria, na si ajabu siku hiyo mahubiri yakawageukia akina baba na kuwahimiza wamwige. Lakini kwa imani ya Kanisa Yosefu hakumzaa Yesu; Injili zote nne hazinukuu neno lolote alilolitamka; na Yesu anapoanza kuhubiri, Yosefu haonekani tena popote. Imekuwaje basi mtu wa namna hiyo akawekwa mbele ya akina baba kuwa kielelezo chao?

Kwa kuwa majirani zetu wengi hapa kusini ni Waislamu, inafaa tutofautishe kwanza. Nabii Yusufu anayesimuliwa katika Kurani, yule aliyetupwa kisimani na ndugu zake akaishia Misri, si huyu. Aliishi karne nyingi kabla, na Kurani haimtaji mume wa Maria. Hata hivyo mwinjili Mathayo anaonekana kuwalinganisha kwa makusudi, kwani Yosefu wa Nazareti naye anaitwa mwana wa Yakobo, naye anaongozwa na ndoto, na yeye pia anaifikisha jamaa yake Misri.

Jibu la swali letu linaanzia katika sheria. Malaika anamwagiza Yosefu amchukue Maria mkewe, kisha ampe mtoto jina Yesu. Kwa Wayahudi, mwanamume aliyempa mtoto jina alikuwa amemtambua mbele ya watu kuwa wake, na kwa vile kabila na urithi vilifuata upande wa baba, ni kwa njia ya Yosefu kwamba Yesu alihesabiwa katika ukoo wa mfalme Daudi. Ubaba wake, kwa hiyo, ulikuwa ubaba kamili mbele ya sheria, ingawa haukutokana na damu, na ingawa hata jina lenyewe hakulichagua yeye.

Pengine jambo hili huwaelea watu wa kusini upesi kuliko wengine. Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao, kwa desturi yao ya asili, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto alikuwa wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye aliyekuwa na kauli katika mambo yake makubwa, wakati mume alilima, akalisha na kufundisha akijua vema kwamba watoto wale wataendeleza ukoo usio wake. Uislamu, Ukristo, shule na sheria za nchi vimeongeza nafasi ya baba, lakini mtu aliyekulia karibu na desturi hiyo hahitaji kufafanuliwa sana kwamba kumlea mtoto ni jambo moja na kummiliki ni jingine. Kwa Yosefu mpangilio ulikuwa kinyume, maana ukoo ulimfuata yeye. Hata hivyo alimlea mtoto ambaye hakuweza kusema ni wa damu yake. Wakatoliki humwita Baba Mlishi.

Ukimya wake, kwa maoni yangu, umesifiwa kupita kiasi. Kinachompa uzito ni matendo, na Mathayo anayasimulia kwa mpangilio unaojirudia: ndoto inakuja, Yosefu anaamka, anatenda. Hata kabla ya ndoto ya kwanza alikuwa amekwisha kuonyesha alivyo. Maria alikuwa mchumba wake kisheria, akaonekana ana mimba, na torati katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22 iliruhusu mchumba aliyezini apigwe mawe. Yosefu, ambaye bado hakuwa ameelezwa lolote na malaika, aliazimu kumwacha kwa siri ili asimwaibishe. Baadaye anaondoka usiku na mama na mtoto kuelekea Misri, kumkimbia mfalme Herode aliyetaka kumwua mtoto. Herode anapokufa anarudi, lakini anaposikia kwamba Arkelao, mwana wa Herode, anatawala Uyahudi mahali pa baba yake anaogopa, na baada ya kuonywa tena katika ndoto anaelekea Galilaya na kukaa Nazareti. Hofu hiyo haimpunguzii sifa. Ni hofu ya mtu anayejua amebeba nani.

Alikuwa seremala, na hakuwa na mali. Luka anasema kwamba walipompeleka mtoto hekaluni, sadaka iliyotajwa ni hua wawili au makinda mawili ya njiwa, na kwa mujibu wa Mambo ya Walawi sura ya 12, hiyo ilikuwa sadaka ya asiyeweza kumpata mwanakondoo. Miaka kumi na miwili baadaye wanampoteza Yesu Yerusalemu na kumpata siku ya tatu kati ya walimu. Maria anamwambia mwanawe kwamba yeye na baba yake walikuwa wakimtafuta kwa uchungu. Yesu anajibu kwa kumtaja Baba mwingine. Yosefu hajibu kitu. Wanarudi Nazareti, na Luka anaeleza kwamba mtoto aliendelea kuwatii.

Ajabu ni kwamba Kanisa lenyewe lilichelewa kumpa nafasi. Kwa karne nyingi wachoraji walimfanya mzee aliyeketi pembeni, kwa sehemu ili ubikira wa Maria usitiliwe shaka. Mwanzoni mwa karne ya 15, Jean Gerson, mwanazuoni wa Paris, alipinga picha hiyo akisema kwamba safari ya Misri na kazi ya kuilisha familia zilihitaji mwanamume mwenye nguvu, na hoja yake bado ina mashiko. Mwaka 1870, miezi michache baada ya majeshi ya Italia kuutwaa mji wa Roma, Papa Pius IX alimtangaza Yosefu kuwa msimamizi wa Kanisa lote. Papa Fransisko, katika barua yake Patris Corde ya tarehe 8 Desemba 2020, aliandika kwamba mtu hawi baba kwa kumleta mtoto duniani tu, bali kwa kuubeba wajibu wa kumtunza.

Kuna siku ya pili ya Yosefu, ambayo watu wengi huichanganya na ile ya Machi. Mwaka 1955 Papa Pius XII aliiweka tarehe 1 Mei kuwa ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, siku ileile ambayo Tanzania huadhimisha Mei Mosi. Tangu mabadiliko ya kalenda ya mwaka 1969 hiyo ni kumbukumbu ya hiari tu, kwa hiyo parokia isiyoiadhimisha haijakosea, ilhali ya Machi ni sherehe ya Kanisa zima.