Gareth Jones na njaa ya Ukraine: mambo ambayo watu wanayakosea

Naomba nimwongelee Gareth Jones, yule mwandishi aliyetoa habari ya njaa ya Ukraine mwaka 1933, enzi hizo Ukraine ikiwa ndani ya Umoja wa Kisovieti, maana kila akitajwa naona watu wanachanganya, na kwa alichofanya huyu kijana anastahili asimuliwe vile alivyokuwa.

Kwanza wanamwita Mwingereza. Kwa pasipoti sawa, ila kwao ni Wales, mji wa Barry, kazaliwa 1905, baba mwalimu mkuu. Alafu wengine wanadhani alijiendea tu Urusi kutafuta umaarufu. Hapana, mama yake kabla ya kuolewa aliishi Yuzovka, huu mji unaoitwa Donetsk leo, akifundisha watoto wa ukoo wa John Hughes, mtu wa Wales aliyejenga kiwanda cha chuma pale mpaka mji ukazaliwa, kwa hiyo Jones kakua anasikia habari za huko nyumbani kwao. Akasoma Aberystwyth na Cambridge, akatoka na Kifaransa, Kijerumani na Kirusi, na 1930 akaanza kumshauri David Lloyd George, waziri mkuu wa zamani, mambo ya nje. Hicho Kirusi ndo kiini cha stori yote.

Sasa ile inayoniuma zaidi, eti alikuta maiti zimetapakaa njiani na akala nyama ya mtu bila kujua. Hayo ni ya kwenye sinema waliyotengeneza kuhusu yeye, kwenye maandishi yake hayapo. Alichofanya ni kwamba Machi 1933 alipanda treni Moscow kwenda Kharkiv, mji wa Ukraine, akashuka kabla hajafika, akatembea kwa miguu kufuata reli, kijiji hadi kijiji, akilala kwa wakulima na kuwauliza kwa lugha wanayoielewa, na kote alikopita jibu likawa lilelile, mkate hakuna, tunakufa. Kuna kijiji alicholala kilikuwa na maksai 200, wamebaki 6. Na ndani ya treni kuna mkomunisti mmoja alimbishia kabisa kwamba njaa hakuna, Jones akatupa kipande cha mkate kwenye chombo cha kutemea mate, mkulima aliyekuwa pembeni akakiokota akala, akatupa ganda la chungwa, nalo likaokotwa likaliwa, yule mkomunisti akanyamaza. Mimi hilo ganda la chungwa linanitosha, sihitaji mtu aniongezee kitu cha kutisha.

Wengine wanasema ilikuwa ukame tu. Nafaka ilikuwa inachukuliwa kwa nguvu vijijini, wakulima walishalazimishwa kuingia mashamba ya pamoja, na Januari 1933 Stalin, mtawala wa Kisovieti, akaagiza wazuiwe kutoka Ukraine kwenda kutafuta chakula. Walikufa mamilioni.

Tarehe 29 Machi Jones akayasema yote Berlin, kwa jina lake. Siku mbili tu baadaye Walter Duranty wa New York Times, naye mzaliwa wa Liverpool aliyekaa Moscow miaka, akaandika kwamba watu wana njaa kweli ila hawafi kwa njaa. Hapa kuna kosa lingine, watu wanasema Duranty alipewa Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani, kwa huo uongo, lakini aliipata 1932 kwa habari alizoandika 1931. Na hakuwa peke yake. Eugene Lyons, mwandishi wa Kimarekani aliyekuwa Moscow kipindi hicho, baadaye alikiri kwamba waandishi wa kigeni walishirikiana kumkana Jones, kwa sababu kesi ya mainjinia wa Kiingereza walioshtakiwa Moscow ilikuwa inakuja na kila mtu alitaka kubaki vizuri na wakaguzi wa habari wa serikali ili airipoti. Yani walijua! Jones akajibu gazetini mwezi Mei, hakurudi nyuma hata neno moja, akapigwa marufuku Urusi akarudi zake Cardiff kuandikia Western Mail.

Ila pia si kweli kwamba alikuwa wa pekee. Malcolm Muggeridge, mwandishi Mwingereza, alikuwa ametoa habari hizohizo kwenye Manchester Guardian siku chache kabla, bila jina, na kumsahau sio haki.

Mwisho ni kifo chake. Watu wanaandika kama imethibitishwa kwamba aliuawa na majasusi wa Stalin. Kinachojulikana ni kwamba 1935 alikuwa anazunguka Mongolia ya Ndani, kaskazini mwa China, na mwandishi mmoja Mjerumani, majambazi wakawateka, Mjerumani akaachiwa baada ya siku mbili, Jones akapigwa risasi tarehe 12 Agosti, kesho yake angetimiza miaka 30. Gari walilosafiria lilitolewa na kampuni iliyokuja kujulikana ina uhusiano na ujasusi wa Kisovieti, na Lloyd George mwenyewe alihisi Jones alikuwa anajua mengi mno. Ni shaka nzito na mimi ninayo, ila ushahidi wa nani aliagiza haupo.

Vile vidaftari vyake vya safari ya 1933 vilibaki kwao, na leo vinatunzwa Maktaba ya Taifa ya Wales, palepale Aberystwyth alikosoma.