Namba za Kwenye Cheti cha Kuzaliwa: Ipi ni ya Mtoto, Ipi ni ya Karatasi?

Mama mmoja wa Busia, Uganda, aliniletea cheti cha kuzaliwa cha binti yake, Halima, kikiwa ndani ya kaveera, yaani mfuko wa plastiki. Kilikuwa kimekunjwa mara nne, na mikunjo ilipokutana wino ulikuwa umefutika. Jina lilisomeka, na tarehe ya kuzaliwa pia. Kilichopotea ni namba ya ingizo, yaani ya mstari wake kwenye daftari la usajili, pamoja na tarehe ya kuandikishwa. Ilituchukua siku mbili kumtafuta Halima kwenye madaftari.

Wazazi wengi huamini kwamba cheti ndicho usajili wenyewe. Sivyo. Usajili ni mstari ulioandikwa kwenye daftari la serikali, au siku hizi kwenye rejista ya kompyuta. Cheti ni nakala ya mstari huo, iliyothibitishwa na msajili. Kikiungua au kikiliwa na mchwa, mtoto bado amesajiliwa. Ila ili atolewe nakala nyingine, lazima mtu aweze kurudi kwenye mstari uleule, na kinachomrudisha huko ni namba.

Chini ya sheria ya zamani ya usajili wa vizazi na vifo, iliyotumika hadi 2015, uzazi uliandikishwa karibu na ulipotokea: hospitalini au gombololani, yaani kwenye ofisi ya kata ndogo. Daftari la namna hii hufuata siku ya kuandikishwa, halifuati siku ya kuzaliwa. Hapo ndipo watu wanapopotea. Mtoto aliyezaliwa Machi 1994, akaandikishwa Agosti 2003 kwa sababu shule ilidai cheti, yumo kwenye daftari la 2003. Mtafute kwenye la 1994 mpaka jioni, hutamwona.

Namba ya ingizo nayo hufuata foleni hiyohiyo: wa kwanza kuandikwa ni 1, anayefuata ni 2. Kwa hiyo ingizo la 214 linaweza kuwepo katika kila kituo chenye daftari, na namba hiyo peke yake haimpeleki mtu popote. Iandike pamoja na jina la kituo na mwaka wa kuandikishwa. Hayo matatu yakiwa pamoja, karani hufungua ukurasa ndani ya dakika chache.

Kuna namba nyingine inayochanganya watu, ile iliyopigwa chapa kwenye fomu kabla haijaandikwa jina la mtu yeyote. Hiyo ni ya karatasi. Kazi yake ni kuiwezesha serikali kujua fomu ngapi zimetumika na zipi zimeibwa. Ukichukua nakala ya pili ya cheti utapewa karatasi nyingine yenye namba nyingine, lakini ingizo ni lilelile. Nimeona kijana akituhumiwa kughushi kwa sababu alikuwa na nakala mbili zenye namba tofauti za karatasi. Iliniuma, maana kulinganisha ingizo tu kungemaliza shauri lile palepale.

Sheria ya Usajili wa Watu ya 2015 ilileta namba ya tatu. Sheria hiyo ndiyo iliyounda NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili, iliyopokea kazi ya usajili wa vizazi kutoka URSB, ofisi ya serikali ya huduma za usajili. Raia anaposajiliwa hupewa NIN, namba yake ya utambulisho wa taifa, yenye jumla ya herufi na tarakimu 14. NIN inayoanza na CF19, kwa mfano, inasema: raia, wa kike, aliyezaliwa 2019. Mtoto huwa nayo hata kama kitambulisho chenyewe hakipati mpaka afikishe miaka 16. Zingatia tofauti: mwaka ulio ndani ya NIN ni wa kuzaliwa, ilhali mwaka wa daftari la zamani ni wa kuandikishwa.

Familia zinazozungumza Kiswahili kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyangwali huuliza kama watoto wao wanahusika. Wanahusika. Ibara ya 18 ya Katiba inaitaka serikali isajili kila uzazi unaotokea Uganda, bila kuuliza wazazi wametoka wapi. Cheti hicho hakimpi mtoto uraia. Kinathibitisha amezaliwa wapi, lini, na nani, na siku familia ikirudi Kongo au ikihamia nchi nyingine, mtoto atahitaji sana ushahidi huo.

Ukiona kosa kwenye cheti, usiguse kwa kalamu. Ingizo la daftari halifutwi wala halipakwi wino mweupe. Kosa hurekebishwa na msajili kwa utaratibu wa sheria, na maandishi ya kwanza yakabaki yanasomeka. Cheti kilichosahihishwa nyumbani hakitalingana tena na daftari, na hapo mwenye haki huonekana mwizi.

Tulimpata Halima siku ya pili, kwenye daftari la mwaka alioanza shule. Faharasa ya majina hupangwa kwa alfabeti, na karani aliyeiandaa alikuwa ameandika jina kama alivyolisikia: Alima. Tulikuwa tumepekua H yote bure. Nimeshakutana na Lehema aliyekuwa Rehema, na Jumah mwenye h ambayo baba yake hakuijua. Unapokwenda kutafuta rekodi, taja kila namna ambayo jina lenu limewahi kuandikwa.

Mama Halima aliomba kalamu, akanakili namba ya ingizo, kituo na mwaka nyuma ya kadi ya chanjo ya binti yake, kisha akanipa niisome kwa sauti ahakikishe hajakosea.